Ndiyo ya Wakidi

Kibanda cha kahawa cha Bu Giyarti, yaani Mama Giyarti, kipo pale barabara ya kupanda mlimani inapokutana na ile ya sokoni, na mbele yake kuna benchi la mianzi ambalo limekaliwa na makalio yaleyale kwa miaka kumi na tano. Ukipita asubuhi utawakuta, ukipita alasiri utawakuta, na mke wa mmoja wao aliwahi kusema wakifa wazikwe hapohapo wasisumbue watu kuwabeba. Yupo Mnyapara, aliyekuwa msimamizi kwenye kiwanda cha sukari huko bondeni mpaka kilipofungwa, na hadi leo huongea kana kwamba mbele yake wamejipanga vibarua mia mbili. Yupo Redio, kinyozi, ambaye habari yoyote ya mji huu lazima ipite kwenye kiti chake, na haitoki pale bila kuongezwa chumvi. Na yupo Breki, mwendesha becak, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubeba abiria. Jina alipewa kwa sababu breki ndicho kitu ambacho baiskeli yake haijawahi kuwa nacho. Jumapili ile mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, harufu ya tumbaku iliyoungua ilikuwa haijatoka hewani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Lakini kunyamaza nako hawakuwahi kufundishwa.

— Amekiri, alisema Redio. Alikuwa amechovya njiti kwenye machicha ya kahawa na anaipaka sigara yake taratibu, kama afanyavyo kila siku, ili akiivuta inukie. — Kaniambia askari mwenyewe, nilikuwa namnyoa jana. Amekiri yote, tena bila kuguswa hata kofi.

— Amekiri nini? aliuliza Breki, ingawa alijua.

— We Breki unaishi wapi? Kuchoma ghala la tajiri Marwoto. Tumbaku ya msimu mzima, Jumatano, mchana kweupe. Askari wanafika, wanamkuta Wakidi amesimama mbele ya moto anaangalia. Wanampapasa, mfukoni kiberiti. Wanamuuliza, ni wewe uliyechoma? Akasema inggih.

— Basi, alisema Mnyapara. Kesi imekwisha.

Inggih ni ndiyo. Lakini si ndiyo ya hivihivi. Ni ile ya adabu, ambayo mdogo humjibu mkubwa na mkulima humjibu tajiri. Milimani hapa mtoto huijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Na mtu mzima mwenye akili zake huisema hata pale asipokubali: anasema inggih, anainamisha kichwa, halafu anakwenda kufanya lake, na mkubwa naye anaelewa, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake. Wakidi alikuwa na miaka thelathini na sita na hiyo sehemu ya pili hakuwahi kuipata. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Kuhesabu kulimpita, saa ilimpita, shule ilimrudisha nyumbani wiki ya tatu. Inggih haikumpita, kwa sababu mama yake, Mbok Sumirah, alimfundisha jioni baada ya jioni, akiamini kwamba mtoto anayejibu wakubwa kwa adabu hatapigwa na mtu.

— Ila mimi nasema katumwa, Redio aliendelea. Hawezi kuwaza jambo hili peke yake. Marwoto ana washindani. Askari wenyewe walimuuliza, umetumwa? Inggih. Na yule mnunuzi wa ng'ambo ya mto? Inggih.

— Kwa hiyo ni yule mnunuzi, alisema Breki.

— Subiri. Wakamuuliza, au umetumwa na Marwoto mwenyewe, apate fedha za bima? Inggih.

— Kwa hiyo ni Marwoto.

— Subiri bwana. Kuna askari mmoja mtani, akauliza, au umetumwa na mkuu wa wilaya? Inggih. Hapo wakacheka, wakaenda kula.

Breki hakucheka. Alijua kicheko hicho, kwa sababu kilianzia hapa benchini. Kila siku Wakidi alikuwa akija baada ya kumchotea maji Bu Giyarti, anakaa pembeni, na Breki ndiye aliyekuwa anaanzisha, akimwita Mas, yaani kaka. Mas Wakidi, wewe una wake watatu? Inggih. Wewe ndiye umejenga mlima ule? Inggih. Mas Wakidi, nipe sandali zako. Inggih, na sandali zinavuliwa. Siku hiyo watu walicheka mpaka kahawa ikawatoka puani. Breki alikusudia kuzirudisha jioni, akasahau, na Wakidi alitembea peku wiki nzima bila kudai.

— Nyote mnahangaika bure, alisema Mnyapara. Yule anajifanya.

— Anajifanya nini, Pak? aliuliza Breki, kwa lile neno la heshima la kumwita mzee.

— Mjinga. Anatuzuga miaka yote hii. Mimi nimesimamia watu mia mbili, mtu anayejifanya haelewi namjua kwa kumwangalia kisogo. Angalia maisha yake. Anakula kwa Bu Giyarti, hana bosi, hana mke wa kumgombeza. Halafu wewe unapanda mlima na abiria wanene ukiwa na miaka hamsini na mbili. Nani mjinga hapo?

— Maji unayokunywa umeyachota wewe? aliuliza Bu Giyarti kutoka nyuma ya kaunta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu wakae.

Mnyapara alijifanya hakusikia.

— Mtu hawezi kuwa mjinga miaka thelathini na sita bila kupumzika hata siku moja, alisema. Hata mimi nisingeweza.

— Wewe umejitahidi, Pak, alisema Redio.

Breki alitabasamu, kisha akajilaumu kwa kutabasamu. Redio aliwasha sigara yake. Aliiwasha mwenyewe, akahangaika na upepo, njiti mbili zikazimika, na wote wakaangalia pembeni.

— Kuna jambo jingine hamlifikirii, Redio alisema moshi ulipomtoka. Marehemu Mbok Sumirah alikatakata tumbaku kwa Marwoto miaka ishirini. Amekufa kwa kifua, Mungu amrehemu, na Marwoto hakuja hata kwenye dua. Nani anajua kama mama hakumjia ndotoni? Mwanangu, kachome lile ghala. Sasa yule atamjibu nini mama yake?

Hata Redio mwenyewe maneno hayo yalimtisha, akapiga funda la kahawa.

— Upuuzi, alisema Mnyapara. Maiti hawana shida na tumbaku. Hili ni jambo la mipango. Wanataka kupanua barabara, ghala lilikuwa njiani. Wakubwa wakakaa mezani, wakauliza, nani katika mji huu hawezi kukataa kubeba lawama? Wakaletewa jina. Msishangae kama jina lile liliandikwa zamani, tangu siku aliyorudishwa nyumbani kutoka shuleni. Serikali huweka watu akiba.

— Huweka watu akiba, Redio alirudia polepole. Ilionekana kesho yake habari hiyo ingekaa kwenye kiti cha kunyolea.

— Na wakimuuliza kama katumwa na mmoja wetu? aliuliza Breki.

Hilo lilikuja limevaa nguo za utani kama yale mengine, lakini halikupokelewa hivyo. Mnyapara aliiweka glasi chini. Redio aliacha kutikisa mguu.

— Kwa nini watuulizie sisi? alisema Redio.

— Wamemuulizia mkuu wa wilaya. Sisi ni nani? Anakaa hapa kila siku. Wakimwambia, ni Redio? Atasema inggih. Ni Mnyapara? Inggih.

— Ni Breki? alisema Mnyapara.

— Inggih, alisema Breki. Najua.

— Na kile kiberiti ni cha nani? aliuliza Mnyapara.

Sasa hapo ndipo pabaya. Kiberiti kilikuwa cha Breki. Mwaka jana alimkabidhi Wakidi na kumwambia, kuanzia leo wewe ndiye bwana moto wa benchi hili, mtu asiwashe sigara yake mwenyewe. Ulikuwa utani tu. Lakini Wakidi aliichukua kazi ile kama watu wanavyochukua cheo. Aliliweka boksi la kiberiti mfukoni kila siku, njiti zikiisha alimwonyesha Breki, Breki akampa nyingine. Mtu akitoa sigara tu, Wakidi amekwishasimama, mkono mmoja umeukinga moto, uso mzito kwa umuhimu. Wateja kumi na wawili wa kibanda hiki walikuwa wanaweza kumweleza askari sababu ya kiberiti kile kwa sentensi moja, na tangu Jumatano hakuna aliyekwenda kuisema.

— Ningekwenda, alisema Breki. Ila ukienda kule kusema kiberiti ni chako, unatoka saa ngapi?

— Hutoki, alisema Mnyapara. Mimi ushauri wangu, tukae kimya. Kesho wanamaliza kuandika maelezo, anaweka dole gumba, anapelekwa gereza la mjini. Kule analala, anakula. Pengine ni nafuu kwake. Hana mama.

— Anakula, alisema Bu Giyarti.

Alitoka nyuma ya kaunta na kitambaa cha kufutia glasi mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, ambaye kwa miaka kumi na tano alisikiliza ujinga wa watu wale na kuwaletea tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga. Tangu Mbok Sumirah afe, miaka miwili sasa, yeye ndiye aliyekuwa akimpikia Wakidi.

— Mnajua mtu asiyeweza kukataa kitu hufanywa nini gerezani? Nyie mlimvua sandali na mkampenda. Wale hawampendi. Itachukua siku moja kwao kugundua. Moja. Halafu watamwita, na yeye atasema inggih, na atakwenda.

Breki alitamani anyamaze, na mwanamke akanyamaza, na haikusaidia.

— Bu, usiseme hivyo, alisema Redio kwa sauti ya chini.

— Niseme vipi? Nifundishe.

Ndipo aliposhuka mgeni mmoja. Pikipiki ya kukodi ilimwacha ng'ambo ya barabara, akavuka huku ameshika mkoba kifuani chini ya koti la mvua, mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani imejaa matone. Aliwasalimia kwa adabu zote, akaomba kahawa isiyo na sukari nyingi, akakaa mwisho wa benchi, nafasi ya Wakidi. Hakuna aliyemwambia.

— Samahani kuwaingilia, alisema. Naitwa Nastiti, nimetoka mji wa Semarang. Nimeambiwa nikitaka watu wanaomfahamu Mas Wakidi nije hapa.

— Wewe ni wa gazeti? aliuliza Mnyapara.

— Hapana, Pak. Tuna chama cha wazazi na ndugu wa watu wenye ulemavu wa akili. Mdogo wangu yuko hivyo. Mmoja wao akikamatwa, mimi huenda kukaa naye akihojiwa. Si mwanasheria, mwanasheria atakuja. Kazi yangu ni kuhakikisha anaelewa anachoulizwa, na wanaouliza wanaelewa anachojibu.

— Na wanakuruhusu? aliuliza Redio.

— Wananiruhusu kesho saa tatu, kabla hajaweka dole. Nimeyasoma maelezo yake. Kurasa tano. Ana mambo matatu dhidi yake: alikuwa pale, alikuwa na kiberiti, na amesema ndiyo mara arobaini na moja. Nimehesabu. Hapana hakuna hata moja.

— Ndivyo alivyo, alisema Redio. Ana adabu sana.

— Nimeona. Leo asubuhi walinipa dakika kumi. Nikamuuliza, Mas, umelala vizuri? Inggih. Nikamuuliza, umelala vibaya? Inggih. Nikamuuliza, mimi ni mama yako? Alisema inggih, akalia.

Breki aliangalia barabara. Mvua ilikuwa imepungua, na kule juu mabati ya ghala yaliyokunjika yalionekana waziwazi.

— Kwa hiyo nimekuja na swali moja tu, alisema Nastiti. Alifungua daftari juu ya goti. — Mdogo wangu akikataa kitu, hasemi hapana, anaziba masikio. Wengine hugeuka ukutani. Kila mtu ana yake. Nikiijua ya Mas Wakidi, kesho nitawaonyesha askari: angalieni, hapa mdomo unasema ndiyo lakini yeye anakataa. Nikiwa na mtu wa kusimama pale na kuthibitisha, maelezo yale yote yanaanguka. Nyinyi mko naye kila siku. Akikataa, anafanyaje?

Wakatazamana. Ilikuwa kama kuulizwa rangi ya macho ya mtu uliyelala naye chumba kimoja miaka mingi.

— Hakatai, alisema Mnyapara.

— Kila mtu anakataa, Pak.

— Mimi sijawahi kumwona, alisema Redio. Na mimi huona kila kitu. Ukimwambia beba, anabeba. Ukimwambia imba, anaimba.

— Mama yake angejua, alisema Bu Giyarti. Mimi nampa chakula anakula. Sikuwahi kumuuliza kama anakipenda. Alikishika kitambaa kwa mikono miwili. — Sikuwahi.

Nastiti alisubiri. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja majibu yanayochelewa, na subira hiyo ilimkera Breki kuliko kama angempigia kelele. Aliliona jibu lipo mbele yake waziwazi, limekuwepo tangu Jumatano, na kila usiku tangu Jumatano lilimfanya ageuke kitandani mpaka mkewe akamfukuzia mkekani. Angeweza kulinyamazia. Mnyapara alikuwa anamtazama, na macho yake yalisema wazi, linyamazie.

— Anakaa chini, alisema Breki.

— Samahani, Pak?

— Akikataa. Anasema inggih, halafu anakaa chini. Palepale alipo. Anakunja miguu, anashika majani au chochote kilicho karibu, hainuki. Alifanya makaburini, tulipotaka kumshusha mama yake. Tulimwambia, Mas, sogea tumzike. Akasema inggih, akakaa ukingoni mwa kaburi. Tukadhani amechoka.

Kalamu ilikuwa inakimbia.

— Umemwona akifanya hivyo mara nyingine?

— Mara moja.

— Breki, alisema Mnyapara.

— Lini, Pak?

— Jumatano. Pale. Alinyoosha kidole barabarani, hatua ishirini kutoka benchini. — Walimleta kwa miguu kutoka ghalani, gari lao lilikuwa limesimama hapa. Wakamwambia panda. Akasema inggih, akakaa chini. Katikati ya barabara, kwenye matope.

Nastiti aliacha kuandika. Uso wake ulikuwa umebadilika, kwa mara ya kwanza ulikuwa na kitu kama furaha, na kwa Breki hilo lilikuwa baya zaidi.

— Alikataa kukamatwa, alisema. Mbele ya watu. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Askari walikuwa wangapi?

— Wawili, alisema Redio bila kufikiri. Mmoja alikuwa anashikilia usukani.

— Mas Wakidi ni mtu mkubwa. Nimemwona leo, ana kilo tisini hivi. Askari mmoja hawezi kumwinua mtu kama huyo aliyekataa kuinuka. Alishika kalamu tena, akawatazama mmoja baada ya mwingine, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujaza sehemu ndogo iliyobaki wazi. — Nani alimwinua?

Breki alimshika chini ya makwapa. Mnyapara alishika miguu, akihesabu moja, mbili, tatu, kama wanavyohesabu kiwandani. Redio alifungua mlango. Mmoja wao alimwambia, haya Mas Wakidi, usitutie aibu, na Breki alikuwa amejaribu siku nne zote asikumbuke ni sauti ya nani. Wakidi aliwatazama wote watatu akiwa hewani, akasema inggih.

Bu Giyarti aliyaona yote kutoka nyuma ya kaunta. Sasa alisimama akiwaangalia, na Nastiti akafuata macho yake, kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kalamu ikashuka taratibu juu ya daftari bila kuandika.

Mnyapara alikohoa, akaisukuma glasi yake mbele.

— Ongeza kahawa, Bu.

— Imekwisha, alisema Bu Giyarti, na birika nyuma yake lilikuwa linachemka.